Udiwani wa miaka mitano: kiwanja cha watoto, taa za njiani na kitabu cha bajeti

Niligombea udiwani nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, katika kata moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 2020, tukaapishwa Desemba, na baraza letu likamaliza muda wake katikati ya 2025. Sikugombea tena. Sasa wanaoanza kazi hii hunipigia simu, na karibu wote huuliza mambo matatu: fedha za kata ziko wapi, taa za barabarani anaweka nani, na kiwanja cha wazi kilichovamiwa kinarudije mikononi mwa wananchi. Simu moja haitoshi kuyaeleza. Nayaandika hapa kwa urefu pamoja na gharama zake, maana zipo gharama ambazo hakuna semina elekezi iliyozitaja.

Nianze na fedha. Kata haina mfuko wa kujiamulia. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kamati inapendekeza, lakini fedha ziko halmashauri, na anayeidhinisha malipo ni mkurugenzi na watu wake. Barabara za mitaani na mitaro yake ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ni DAWASA, umeme ni TANESCO, na askari wa kituo wanaripoti kwa wakubwa wao wa polisi. Mwananchi wa kawaida hana haja ya kuijua ramani hiyo yote. Anamjua mtu mmoja tu, yule aliyepita nyumbani kwake kuomba kura.

Katika mkutano wangu wa kwanza baada ya kodi ya majengo kuanza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, mzee mmoja alisimama, akaniambia, "Mwalimu, kila nikinunua umeme wanakata kodi ya jengo. Hela hiyo si ndiyo ya taa?" Wakati ule ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Nilimweleza kwamba fedha ile inakwenda kwanza Mfuko Mkuu wa Serikali, haiingii moja kwa moja katika halmashauri yetu, achilia mbali kata. Watu waliguna. Hata hivyo nilijifunza kwamba mtu anayeelezwa ukweli kwa lugha nyepesi hukasirika siku ile na kurudi mkutano unaofuata. Anayeahidiwa taa hukasirika miaka mitano.

Sasa kiwanja. Kata yetu ina sehemu iliyopimwa zamani, na katikati yake mchoro wa mipango miji uliacha eneo la wazi. Nilipoingia, upande mmoja ulikuwa dampo, upande mwingine vijana walikuwa na gereji ya bajaji, akina mama lishe walijipanga kandokando, na kona ya juu mtu mmoja alishamwaga mawe na mchanga akidai ni kiwanja chake. Katikati kulikuwa na njia ya miguu inayotoka kituo cha daladala kwenda mitaa miwili ya ndani. Mchana watoto walicheza mpira kati ya spea na majani ya migomba. Usiku hapakuwa na mwanga hata wa kibatari, na vibaka walipora simu na mikoba ya akina mama waliotoka sokoni. Ndiyo maana kila nikisikia watu wakitenganisha usalama na bustani, kana kwamba bustani ni urembo, nasikitika. Kwetu vilikuwa kitu kimoja, katika ardhi ileile.

Nilimwomba mtendaji wa kata anipe jalada la eneo lile. Akalitoa chini ya rundo la daftari za kaya, kava lake la manjano likiwa limeliwa na mende pembeni. Ndani mlikuwa na barua za wananchi, nyingine za mwandiko wa mkono, nyingine zimechapwa stesheni. Zote ziliomba uwanja wa watoto na taa. Kila moja ilikuwa na mhuri wa kupokelewa, na mbili zilikuwa na majibu ya "ombi lenu linafanyiwa kazi". Nilitafuta mihtasari ya vikao vya kata ya miaka hiyohiyo. Hakuna hata mmoja uliotaja kiwanja kile. Yaani watu waliomba kwa miaka, na ombi lao halikuwahi kuwa kipaumbele cha kata katika karatasi inayohesabika. Barua haiingii kwenye bajeti. Kinachoingia ni kipaumbele kilichopitishwa na kikao halali, kikiwa na muhtasari uliosainiwa na kiambatisho cha mahudhurio.

Hapa ndipo ningependa diwani mpya aweke kalenda ukutani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Lakini mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti hutoka miezi mingi kabla, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, na halmashauri hupewa ukomo, yaani kiasi ambacho haziwezi kukivuka. Vipaumbele vya mitaa vinapaswa viwe vimeshafika kata, na vya kata viwe vimeshafika kwa ofisa mipango anayeviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kuandaa mipango na bajeti. Kisha inakuja menejimenti, kamati za kudumu, Kamati ya Fedha na Uongozi, Baraza la Madiwani, mkoa, TAMISEMI ambayo ni ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na mwisho Bunge kuanzia Aprili hadi Juni. Sisi tuliapishwa Desemba, na vitabu vya mwaka ule vilikuwa jikoni tayari. Mwananchi anayekuja kwako Mei akitaka mtaro uchimbwe Julai, mwambie palepale kwamba ombi lake linasubiri Julai ya mwaka unaofuata, na msaidie liingie mapema.

Kwa hiyo mikutano ya mitaa ya kupanga vipaumbele tuliihamishia Septemba na Oktoba, kabla mwongozo haujatoka. Nilikaa kila mmoja. Mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo watendaji wengi wameisomea, inataka wananchi wenyewe waseme tatizo ni lipi na wao wanachangia nini. Ikifuatwa kwa moyo inafaa sana. Ikifuatwa haraka haraka, mtendaji anajaza fomu peke yake ofisini na wananchi wanasaini mahudhurio ya mkutano wa kitu kingine. Nimeyaona yote mawili.

Mitaa mitatu kati ya yote iliweka kiwanja katika nafasi ya kwanza au ya pili. Tulipopeleka halmashauri "ujenzi wa bustani ya mapumziko" kwa jumla, majibu yalikuwa ukomo hauruhusu. Na kusema kweli, ule ulikuwa mwaka mgumu kwa mradi wa aina yetu. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yakiwemo madarasa 15,000 nchi nzima, na mpaka Desemba wahandisi, maofisa manunuzi na sisi madiwani hatukuwa na lugha nyingine ila saruji na madawati. Sikunung'unika, maana watoto wa kidato cha kwanza wa kata yangu nao walipata madarasa. Nilitumia miezi ile kuukatakata mradi wetu vipande vidogo: kwanza kurudisha mipaka na kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, pili taa, tatu kusawazisha na kupanda miti, nne vifaa vya watoto. Kipande cha milioni mbili tatu kinapita mahali ambapo mradi wa milioni 60 unakwama.

Kuna jambo dogo ambalo lilikaribia kutukosesha kila kitu. Rasimu ya bajeti ilipoletwa kwenye kamati, nilichukua rula nikashuka nayo kasma baada ya kasma, yaani fungu baada ya fungu, mstari kwa mstari, kwa sababu macho yangu yamechoka na kitabu kile kimechapwa kwa herufi ndogo. Nikafika penye "ukarabati wa maeneo ya wazi, kata tano". Kata gani? Hazikutajwa. Mstari wa namna hiyo ni halali kabisa, lakini fedha zikitoka, zitakwenda kwa anayewahi kupiga kelele. Nikaomba majina ya kata na mitaa yaandikwe. Mheshimiwa mwenzangu mmoja akanong'ona kwamba nachelewesha kikao, na mwenyekiti naye alitaka tusonge mbele. Nilibaki nimesimama. Yakaandikwa. Ninyi mnaoingia, msikubali mradi wenu ulale ndani ya neno "kata mbalimbali".

Na kutengewa siyo kupewa. Miradi kama yetu inategemea mapato ya ndani: ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko, vibali vya ujenzi, ada za taka. Mwongozo unazitaka halmashauri zenye mapato makubwa zipeleke asilimia 60 au zaidi ya mapato hayo kwenye maendeleo, na katika hayo hayo inatoka asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Makusanyo yakilegea, wa kwanza kukatwa ni mradi usio na mtetezi. Katika kila kikao cha robo mwaka mnaletewa taarifa ya mapato na matumizi. Madiwani wengi huangalia safu ya makisio, wakafurahi wakiona kata yao. Angalieni safu ya kilichopokelewa. Sisi tulitengewa milioni 18 mwaka wa kwanza wa mradi, zikatoka saba. Kwa sababu tuliuliza kila robo, na maswali yetu yakawa kwenye muhtasari, kiasi kilichobaki kiliombewa tena mwaka uliofuata badala ya kusahauliwa.

Fedha zilipoanza kutoka, yule mwenye mawe na mchanga naye aliamka.

Alikuja ofisini na karatasi aliyosema ni barua ya toleo, yaani barua ya kugawiwa kiwanja. Alikuwa mtu wa adabu, tukasalimiana vizuri, akaniita mama. Nikamwomba nakala, akasema ataleta. Hakuleta. Wiki iliyofuata akaja mtu mwingine, kijana nadhifu, akaniachia bahasha mezani "ya soda". Nilimwita mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, tukamrudishia mbele ya mashahidi, na tukaandika tukio lile kwenye daftari la ofisi. Baada ya hapo simu zilianza kuingia usiku kwa namba nisizozijua. Hazikusema maneno makali sana. Zilitaja tu jina la mjukuu wangu na shule anayosoma. Mume wangu alitaka niachie ngazi. Usiku ule nililia, na nasema haya kwa sababu wanawake wanaogombea waelewe kwamba hofu itakuja kupitia watoto wao. Tulitoa taarifa polisi, mjukuu akahamia kwa shangazi yake muhula mmoja, na mimi nikaacha kutembea peke yangu jioni.

Kilichotuokoa katika ugomvi wa ardhi ni mchoro. Kelele za mkutanoni hazimwondoi mtu kwenye kiwanja. Tuliomba kwa barua nakala ya mchoro wa mipango miji iliyothibitishwa, tukaipeleka Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kamati ikaamua kwa maandishi kwamba matumizi ya eneo hayajawahi kubadilishwa. Hilo ndilo swali lenyewe. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, eneo la wazi haligeuki kuwa kiwanja cha makazi kwa sababu mtu amepewa karatasi. Kuna utaratibu wa kubadili matumizi, na utaratibu huo hauwezi kupita kimyakimya bila umma kutangaziwa. Basi ulizeni: tangazo liko wapi, kikao kipi kilipitisha, muhtasari uko wapi? Tukawaomba wapima waje kurudisha bikoni, wananchi wakishuhudia. Siku hiyohiyo tukasimika bango la eneo la wazi na kupanda mikungu na miashoki mpakani. Kiwanja kitupu kinamwita mvamizi. Kiwanja chenye miti inayomwagiliwa na watu wanaojulikana majina kinamtia mashaka.

Wale vijana wa gereji na akina mama lishe hatukuwatimua. Wapo walionisukuma niwaite mgambo. Lakini vijana wale walikuwa watoto wa mitaa ileile, na wengine nimewafundisha hesabu. Tulikaa nao vikao virefu na vya kuchosha, vingine viliisha kwa matusi. Mwisho walihamia kando ya barabara ya juu, penye eneo ambalo mwenyekiti wa mtaa alitafuta kibali chake, na mama lishe wakabaki upande mmoja wa kiwanja kwa masharti ya usafi. Waliobaki ndio wakawa macho ya eneo. Mama lishe anayeanza kuchambua mchele saa kumi alfajiri anaona mengi kuliko doria yoyote.

Tulikuwa bado hatujaweka taa ilipofika Septemba 2022. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka ule wanakumbuka. Makundi ya vijana wenye mapanga, yale yaliyozoeleka kuitwa Panya Road, yalivamia nyumba katika maeneo kadhaa ya jiji, watu wakajeruhiwa na wengine wakauawa. Kata yetu haikuvamiwa, lakini hofu haikuuliza mipaka. Watu walifunga maduka kabla ya magharibi. Wakati msako ukiendelea, mama mmoja alibisha hodi kwangu baada tu ya adhana ya alfajiri, kanga moja begani na nyingine kiunoni, akashindwa hata kuitikia salamu. "Mwalimu, wamemchukua mwanangu. Mwanangu si panya road, Mwalimu. Unamjua." Kweli nilimjua. Alikuwa fundi wa simu, amekamatwa na wenzake wakiwa wamekaa kijiweni.

Tulikwenda kituoni pamoja. Ninachotaka mkijue ni kwamba diwani hana mamlaka ya kumtoa mtu mahabusu, na akijaribu kutoa amri anamharibia yule aliye ndani. Nilisalimia, nikajitambulisha, nikauliza kwa heshima anatuhumiwa nini na utaratibu wa dhamana ukoje. Nilibeba barua ya mwenyekiti wa mtaa inayomtambulisha kuwa mkazi na anafanya kazi gani. Kijana alitoka kesho yake. Wengine walikaa zaidi, na si wote walikuwa hawana hatia. Mama yule hadi leo akiniona hunishika mkono kwa mikono yote miwili bila kusema neno.

Baada ya hofu ile wananchi walitaka ulinzi shirikishi mara moja, na hapa kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa watu wanaojuana, kwenye vijiji ambavyo mzee anaweza kumkemea kijana kwa jina la babu yake. Mjini unakusanya vijana usiowajua vizuri, unawapa firimbi na virungu, unawaambia walinde. Mtaa mmoja jirani na wetu vijana wa doria walimpiga mlevi aliyekuwa anarudi kwake, wakamvunja mkono. Tulikataa kuanza mpaka orodha ya walinzi ipitishwe na mkutano wa mtaa, majina na picha zifikishwe kituo cha polisi, na mkaguzi aliyepangiwa kata yetu chini ya mpango wa Polisi Kata azungumze nao kuhusu wanachoruhusiwa na wasichoruhusiwa. Mtu akishikwa anapelekwa kituoni palepale. Hafungiwi ofisi ya mtaa hata kwa nusu saa.

Mchango ulikuwa shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Fedha ndogo hiyo ndiyo iliyovunja doria za mitaa mingi, kwa sababu inakusanywa bila stakabadhi na anayeikusanya ndiye anayeitumia. Kwetu mkusanyaji, mtunza fedha na anayelipa walikuwa watu watatu tofauti, na mapato yalibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mtaa kila mwisho wa mwezi, waliolipa na wasiolipa. Wenye nyumba wakubwa wasiolipa waliona aibu kuliko wapangaji. Mjane mmoja asiyeweza kulipa aliomba awe anawachemshia vijana chai ya usiku, na mkutano ukakubali.

Taa zilipatikana mwaka uliofuata. Tulipewa uchaguzi kati ya taa za sola na za umeme wa kawaida, na wengi walitaka sola kwa kuwa hazina bili. Nilikuwa nimeziona sehemu nyingine zikikaa gizani baada ya muda mfupi, betri zimeibwa au zimekufa na hakuna kasma ya kununua nyingine. Tuliweka mbili za sola juu kabisa ya nguzo, betri ikiwa kwenye taa yenyewe, na nyingine tukaziunganisha na mita ya ofisi ya serikali ya mtaa. LUKU yake inalipwa na mama lishe pamoja na wenye maduka yanayozunguka kiwanja, kwa zamu, na zamu imeandikwa. Kabla ya kupokea taa yoyote, uliza nani atanunua umeme na nani atapanda ngazi globu ikiungua. Kama hakuna jibu lenye jina la mtu, taa hiyo ina miezi michache tu ya kuwaka.

Bembea nazo zina hadithi yake. Halmashauri ilileta seti nzuri ya chuma, na tulizindua kwa shangwe. Minyororo ilikatwa usiku na kuuzwa vyuma chakavu. Niliumia kuliko kwa mambo makubwa, kwa sababu nilikuwa nimeona watoto wakipanga foleni. Baba mmoja fundi seremala akashauri tusilete chuma tena. Tukazika matairi ya magari nusu ardhini, tukapaka rangi, tukafunga bembea za kamba ya manila na mbao kwenye magogo mazito. Hakuna wa kuyanunua matairi hayo, na watoto hawakuona tofauti.

Kazi ndogo zile zilifanywa kwa mafundi wa kawaida, kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kukiwa na kamati tatu za wananchi: ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Chagueni kwenye mapokezi watu wabishi. Tulikuwa na bibi mmoja mfanyabiashara wa kuku aliyehesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja na kukataa kusaini ilipopungua minne. Fundi alikasirika, mifuko ikaja.

Sasa gharama za mfukoni. Posho yangu ya mwezi ilikuwa shilingi 350,000, mbali na posho za vikao. Katika kata ya maelfu ya watu, kila wiki kuna msiba, harusi, mgonjwa, mtoto aliyekosa sare. Mtu akija kwako hajui kwamba wamekuja wengine sita kabla yake. Wapo wenzangu waliokopa benki mwaka wa kwanza ili wasionekane wachoyo, wakabaki wanadaiwa mpaka baraza linavunjwa, na mwenye deni ndiye anayeiona ile bahasha ya soda kwa jicho jingine. Mimi niliweka kiwango kimoja cha rambirambi kwa kila msiba, tajiri na maskini sawa, nikakitangaza mkutanoni, na nilihudhuria mazishi kila nilipoweza. Watu wanathamini kukuona umekaa kwenye jamvi kuliko wanavyohesabu noti. Michango ya harusi niliikataa yote, na maneno niliyasikia. Mafuta ya pikipiki ya kunizungusha kwenye miradi yalitoka kwenye pensheni yangu.

Mikopo ya asilimia 10 ilininyima usingizi mara nyingi. Iliposimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, vikundi vilivyokuwa vimekamilisha kila karatasi vilinijia mimi, na hakukuwa na la kuwaambia mpaka iliporejeshwa 2024. Nilichoweza ni kuwasaidia watunze katiba zao, mihtasari na akaunti zao za benki hai. Vikundi vilivyofanya hivyo vilikuwa tayari dirisha lilipofunguliwa. Vile vilivyovunjika kwa hasira vilianza upya kabisa.

Baraza lilipokaribia kuvunjwa, nilitenga siku za kukabidhi. Sheria hainidai, lakini jalada lile la manjano lilinifundisha kitu kuhusu karatasi zinazokaa mahali pamoja. Nakala za mchoro, uamuzi wa kamati, picha za bikoni, mihtasari inayotaja kiwanja na orodha ya zamu za LUKU ziko sehemu nne: kwa mtendaji wa kata, kwa wenyeviti wa mitaa inayopakana na kiwanja, shule ya msingi iliyo jirani, na kwangu nyumbani. Yule bwana wa kona ya juu amefungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na halijaisha. Diwani wa sasa alikuja nyumbani wiki aliyoapishwa, tukakaa barazani na mafaili yale mpaka jioni, na tarehe ikitajwa nitakwenda naye kutoa ushahidi.